Tumbawe, Mwamba na Chokaa: Jiwe kama Ushahidi katika Nakshi za Kale za Pwani ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa nakshi za mawe katika misikiti na makaburi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki umekuwa, kwa sehemu kubwa, uchunguzi wa maandishi na mitindo. Tangu Samuel Flury alipochapisha mwaka 1922 uchambuzi wake wa maandishi ya kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, swali lililotangulizwa mara nyingi ni hili: herufi hizi zafanana na herufi za wapi? Jibu limetafutwa ng'ambo ya bahari, hasa Uajemi na Uarabuni, na kutokana na jibu hilo ikakisiwa asili ya mchongaji. Jiwe lenyewe limetajwa kwa neno moja au mawili, kisha likaachwa.

Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba aina ya jiwe na namna linavyokubali kuchongwa ni ushahidi wa mahali kazi ilipofanyika, tena ushahidi ulio imara kuliko ufanano wa herufi. Yanadai vilevile kwamba msamiati wa Kiswahili wa uashi umehifadhi tofauti za mawe ambazo istilahi ya shuleni, yaani "jiwe la chokaa", inazifuta. Hoja hizi mbili zinategemeana. Msomaji asiyetofautisha tumbawe na mwamba hawezi kuona kwa nini kibla cha Kizimkazi hakikuweza kuagizwa kutoka mbali kama inavyoagizwa bakuli ya kauri.

2.0 Mawe mawili

Sehemu kubwa ya pwani, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini mwa Msumbiji, imekaa juu ya miamba iliyojengwa na viumbe vya bahari. Sehemu ya miamba hiyo inayoonekana zaidi leo ina umri wa takriban miaka 125,000, zama ambazo bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko ilivyo sasa. Maji yaliporudi chini, mwamba ulibaki nchi kavu. Mvua ikauyeyusha kidogo kidogo na kuugandisha upya, hata ukawa mgumu, wenye matundu mengi na ncha zinazokata nyayo. Ndio unaofanya magenge ya pwani yaliyoliwa chini na mawimbi, na visiwa vidogo vyenye umbo la uyoga vinavyoonekana katika ghuba nyingi. Maji ya mvua hayakai juu yake. Huzama mara moja na kutokea visimani na mapangoni. Pango la Kuumbi karibu na Jambiani ni la mwamba wa aina hii, na wataalamu wa mambo ya kale wamekuta humo dalili za maisha ya watu zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 20,000.

Wakulima wa Unguja hawahitaji mtaalamu wa miamba awafundishe mipaka ya ardhi hii. Eneo la mashariki na kusini mwa kisiwa, ambako mwamba umejitokeza na udongo umekaa katika vishimo tu, huitwa maweni au uwanda, nalo hutengwa na kichanga na kinongo cha upande wa magharibi ambako mikarafuu na minazi hustawi. Jina maweni ni jiwe katika wingi wake pamoja na kiambishi cha mahali. Kwa mkulima, basi, jiwe hili ni mahali kwanza, na baadaye ndipo liwe kitu cha kujengea.

Si kila jiwe la chokaa la pwani ni la namna hiyo. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yamo katika mwamba wa zama za Jura, wenye umri wa takriban miaka milioni 150. Katika kitabu cha jiografia vyote viwili huitwa jiwe la chokaa na hukaa katika sentensi moja. Mwashi angecheka.

Jiwe la pili linatoka baharini lingali bichi. Kati ya matumbawe yanayojenga kuta za chini ya maji, yako yale ya jamii ya poraitisi, ambayo hukua polepole na kufanya mabonge makubwa yenye chembe ndogo zilizosongamana kwa usawa. Bonge la namna hii likitolewa majini ni laini kiasi cha kukatwa kwa shoka au tezo. Likikaa nje na kukauka, hugeuka kuwa gumu, na jepesi kwa kipimo cha mawe. Hilo ndilo tumbawe la waashi. Orodha ya maneno ya Edward Steere, iliyochapishwa mwaka 1870, tayari ilitofautisha marijani, iliyo pambo, na matumbawe, yaliyo mawe ya kujengea yatokayo baharini.

Yafaa kuzingatiwa kwamba maana ya neno hili imehama. Katika Kiswahili cha leo, hasa katika maandishi ya hifadhi ya bahari, matumbawe ni viumbe hai vinavyopaswa kulindwa. Katika kinywa cha mwashi wa zamani, tumbawe lilikuwa bidhaa: jiwe jepesi la dari, la fremu ya mlango na la nakshi. Maana hizi mbili zinaendelea kuishi pamoja bila kutajana, na mgongano wao utarejewa mwishoni.

3.0 Jiwe bichi na patasi: suala la Kizimkazi

Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, uliweka wazi mfuatano ambao hapo awali ulikisiwa tu. Misikiti ya mwanzo ya Shanga, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Tumbawe la baharini liliingia katika ujenzi kufikia karne ya 10. Katika karne zilizofuata, hasa kuanzia karne ya 13 na 14, kuta zilijengwa kwa mwamba wa nchi kavu uliovunjwa na kuunganishwa kwa chokaa, nalo tumbawe likabakizwa kwa kazi zinazodai ukingo uliokatwa sawasawa: mihimili ya milango, vibla, zidaka, na mikanda ya nakshi. Mgawanyo huu waonekana Gedi, waonekana Songo Mnara, na waonekana katika Husuni Kubwa, jumba la Kilwa la mwanzoni mwa karne ya 14 ambalo halikukamilika. Kuta ni za mwamba, nyuso zilizochongwa ni za tumbawe.

Sababu ya mgawanyo ni ya kazi yenyewe. Mwamba wa nchi kavu una matundu, makombe na sehemu ngumu zilizochanganyika na laini; patasi ikipita hukwama au huruka, na ukingo mwembamba wa herufi huvunjika. Tumbawe lina chembe za namna moja, hivyo mstari huenda pale mchongaji anapoutaka. Lakini sharti lake ni wakati. Kazi kubwa ya kukata na kusawazisha lazima ifanyike kabla jiwe halijakauka. Mchongaji wa tumbawe hufanya kazi akiwa na bahari mgongoni pake, na siku zake zinahesabika tangu bonge lilipotoka majini.

Hapa ndipo Kizimkazi inapopata uzito mpya. Maandishi ya kibla cha msikiti wa Dimbani yanataja tarehe ya mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 H, sawa na 1107, na kumtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamrisha ujenzi. Jengo linaloonekana leo ni kwa sehemu kubwa la ukarabati wa karne ya 18, ila mkanda wa kikufi umebaki. Flury alionyesha kwa umakini mkubwa jinsi herufi zake zenye majani na mafundo zinavyoingia katika ukoo mpana wa kikufi cha nchi za Kiislamu za mashariki. Uchambuzi huo haujapitwa na wakati. Kilicho dhaifu ni hatua ambayo wasomaji wake waliichukua baadaye: kwamba mtindo wa Uajemi maana yake ni kazi ya Uajemi, iliyoletwa ikiwa tayari kwa jahazi.

Jiwe linaikataa hatua hiyo. Maandishi ya Kizimkazi yamechongwa katika tumbawe. Kwa kulinganisha, vitu vya mawe vilivyoletwa pwani kutoka mbali vinajulikana, na vina tabia yake: vipande vya marumaru vya Khambhat, katika Gujarat, vimepatikana Kilwa, na hakuna ajabu, kwa kuwa marumaru huchongwa kavu, husafiri kavu, na fundi anaweza kuimaliza kazi mwaka mmoja kabla mnunuzi hajaiona. Kuchonga tumbawe ng'ambo na kulisafirisha hadi Unguja, kisiwa kilichozungukwa na tumbawe, ni biashara isiyoeleweka.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa kwa uzito. Tumbawe haliko Afrika Mashariki peke yake. Miji ya Bahari ya Shamu, kama Suakin na Jedda, imejengwa kwa jiwe hilohilo, na Ghuba ya Uajemi nayo ina matumbawe. Je, mkanda wa Kizimkazi usingeweza kuchongwa huko? Kwa nadharia, ungeweza. Lakini pingamizi hili lina gharama kwa yule anayelitoa, maana linaiondoa Siraf ya mitindo na kuweka mahali pake pwani nyingine yoyote yenye mwamba wa bahari. Ufanano wa herufi, uliokuwa ndio nguzo ya hoja ya mwanzo, hauamui tena. Zaidi ya hayo, vipande vya maandishi ya kikufi katika tumbawe vimepatikana pia Tumbatu, kaskazini mwa Unguja. Kizimkazi, basi, haisimami peke yake kama kitu kigeni kilichotua. Inaelekea kuwa sehemu ya kazi iliyofanyika visiwani, na mafundi walioijua bahari ya hapa.

Iwapo mafundi hao walizaliwa Unguja, au walifika wakafundisha, au walifundishwa na waliofika, tumbawe halisemi. Linachosema ni kwamba mkono ulioshika patasi ulikuwa hapa, na kwamba kulikuwa na watu hapa waliojua ni bonge lipi la kutoa, katika maji ya kina gani, na la kukatwa lini. Ujuzi wa namna hiyo hauji na jahazi la msimu mmoja.

4.0 Msamiati wa kazi na msamiati wa maumbo

Lugha inatoa ushahidi wa pili, japo ni wa kutumiwa kwa tahadhari. Maneno ya Kiswahili yanayohusu jengo la mawe yanagawanyika katika makundi mawili yasiyolingana. Majina ya maumbo na sehemu zenye heshima yametoka Kiarabu kwa wingi: mihrabu, kuba, mnara, nakshi, na msikiti wenyewe. Tanuri ni la Kiarabu pia. Lakini maneno ya kushughulika na jiwe, yaani yale ambayo mkono huyafanya, ni ya Kibantu: jiwe, mwamba, chonga, choma, na zaidi ya yote, aka.

Kitenzi hiki aka kinastahili kukaziwa macho, maana wasemaji wengi wa leo hawakijui. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa, tofauti na kujenga kwa jumla, na tofauti kabisa na kukandika, ambako udongo hubandikwa juu ya fito. Kitenzi kimefifia, lakini mtendaji wake angali hai: mwashi. Uhusiano wa aka na mwashi ni ule ule wa pika na mpishi, ambapo k hugeuka sh mbele ya kiambishi -i cha mtendaji. Badiliko hili la sauti ni la mizizi ya Kibantu iliyokaa katika lugha kwa muda mrefu. Neno lililopokewa jana halipitii njia hiyo.

Lipo pia tomea, kitenzi ambacho kamusi za zamani zilikirekodi kwa waashi: kuziba nyufa za ukuta kwa chokaa na kupachika humo vijiwe vidogo ili uso ushikamane kabla ya kupigwa lipu. Anayesoma kuta za Gedi bila kitenzi hiki huona vijiwe ovyo. Aliye nacho huona hatua ya kazi.

Sakafu ni mfano wa namna nyingine. Katika Kiarabu, saqf ni dari au paa. Katika Kiswahili, sakafu ni pale mtu anapokanyaga. Kugeuka huku kwa maana hakuelezeki bila kuingia katika nyumba ya mawe. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa mawe mepesi, kisha humwagwa kokoto na chokaa na kupondwa siku kadhaa. Kitu hicho kimoja ni paa la aliye chini na uwanja wa aliye juu. Waarabu waliokitazama kutoka chini na Waswahili waliokiponda kutoka juu walikiita jina moja, na kila upande ulibaki na maana yake. Urefu wa boriti ndio pia uliopanga upana wa vyumba vya Lamu na vya Mji Mkongwe, ndiyo sababu vingi ni virefu na vyembamba.

Kundi la maneno haliwezi peke yake kuthibitisha nani alianza kujenga. Mwalimu mgeni anaweza kufundisha kwa lugha ya mwanafunzi. Lakini likiwekwa kando ya ushahidi wa tumbawe, linaelekea upande uleule: umbo na jina lake vinaweza kuwa vilivuka bahari, hali ustadi wa jiwe ulizungumzwa kwa lugha ya hapa.

5.0 Chokaa

Katika Kiswahili cha asili, chokaa ni kile kitokacho motoni. Ni unga mweupe wa ukuta, na ni kile pia kinachopakwa kidogo juu ya jani la tambuu. Kuuita mwamba wenyewe "jiwe la chokaa" ni kuliita jiwe kwa jina la majivu yake. Istilahi hii imekwisha kuenea na haina haja ya kung'olewa, ila mtafiti wa majengo ya kale ajue kwamba imempotezea hatua ya katikati.

Hatua hiyo ni ya kikemia na ni rahisi. Tumbawe na mwamba ni kalsiamu kaboneti. Zikichomwa kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hutoa hewa ya ukaa na kubaki kalsiamu oksidi. Zikimwagiwa maji huchemka na kuwa unga au uji. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani, hunyonya tena hewa ya ukaa na kurudi, polepole sana, kuwa kalsiamu kaboneti. Ukuta wa chokaa ni jiwe lililovunjwa na kuumbwa upya. Kwa pwani hii, uchomaji wa zamani ulifanyika juu ya lundo la magogo lililopangwa kwa mviringo, mawe juu yake, na moto ukaachwa uwake hadi lundo liporomoke. Chokaa iliyopatikana iliachwa ikae miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Lamu na Pate, katika karne ya 18, ilifikia ubora wa kuchongwa yenyewe: zidaka za nyumba za mawe, zile ambazo Al-Inkishafi yazitaja kwa jina la madaka zikiwa zimeachiwa ndege, zilipambwa kwa lipu iliyokatwa nakshi ikingali mbichi. Kanuni ni ileile ya tumbawe. Kitu hukatwa kabla hakijakauka.

Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu huingia na kutoka, na chumvi ya bahari hutoka nao. Saruji haifanyi hivyo. Ikipakwa juu ya ukuta wa mwamba na chokaa, hufungia maji ndani, chumvi hugeuka chembe nyuma ya lipu, na jiwe humomonyoka bila kuonekana hadi lipu inapobanduka na kuchukua uso wa jiwe pamoja nayo. Palipo na nakshi, kinachobanduka ndicho kilichokuwa kikihifadhiwa. Kuna kejeli katika jambo hili, maana saruji nyingi ya pwani ya Kenya imetoka katika mwamba uleule: machimbo ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yamekuwa yakichimba matumbawe ya kale tangu miaka ya 1950, na mashimo yake ndiyo yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971.

6.0 Tumbawe la leo

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Heshima hizo zimeleta kanuni, na kanuni inayorudiwa kila mahali ni kwamba ukarabati utumie vifaa vya asili. Kwa kuta, kanuni hii inatekelezeka: mwamba upo, na chokaa yaweza kuchomwa. Kwa nakshi, haitekelezeki, na inafaa lisemwe wazi.

Kifaa cha asili cha nakshi ni tumbawe bichi, nalo ni kiumbe hai kinachokua milimita chache kwa mwaka. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa umekwisha kuharibu sehemu za bahari ya Mafia na Mikindani, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Hakuna mhifadhi mwenye akili timamu atakayeidhinisha kutolewa kwa bonge la karne mbili ili kuziba pengo la mkanda wa mlango. Hapo ndipo maana mbili za neno tumbawe zinapokutana, na ile ya mwashi haina budi kurudi nyuma.

Yanabaki mambo mawili. La kwanza ni vipande vilivyoanguka. Katika magofu mengi tumbawe lililochongwa limelala chini au limefukiwa na kifusi, na mara nyingine limetumiwa upya na wajenzi wa baadaye, kama mkanda wa Kizimkazi ulivyohifadhiwa ndani ya msikiti wa karne ya 18. Kipande cha namna hiyo ndilo tumbawe pekee halali lililopo. Kukihesabu, kukipima na kukirudisha mahali pake ni kazi yenye manufaa zaidi kuliko kuchonga nakala katika saruji nyeupe, ambayo kwa mbali hufanana na kwa karibu huua jirani yake.

La pili ni maneno. Waashi waliojifunza kazi ya chokaa kabla ya saruji kuenea ni wazee sasa, Lamu, Unguja na Kilwa, na mradi wa istilahi wa taaluma hii haujawahi kuandikwa kwa utaratibu kutoka vinywani mwao. Orodha za istilahi za ujenzi zilizokwisha kuchapishwa zimetafsiri msamiati wa zege na vyuma. Orodha ya jiwe ingepaswa kuanza na vitenzi: kuaka, kutomea, kusakifu, kuchonga, na vile vya kuzima na kukomaza chokaa ambavyo hutofautiana kutoka mji hadi mji. Nomino zinaweza kuokotwa baadaye, kwa kuwa vitu vyenyewe bado vimesimama. Kitenzi cha kazi isiyofanywa tena huondoka na mtu wa mwisho aliyeifanya, na mwanafunzi anayefika baada yake hupewa neno "kujenga".